Maneno Marefu Yenye Mkia Mmoja

Vijana wangu wa biro, ofisi yangu ya zamani, mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijasahau. Mmejitakia wenyewe. Mtu aliyelipwa maisha yake yote kusema maneno ya wengine, mkimpa nafasi ya kusema ya kwake mtamkoma.

Ya vyeo sitayasema, maana nilikuwa nacho kimoja tu, cha mutafsiri, na nimestaafu nacho kama nilivyokipokea. Ya mshahara mnayajua, ni ule ule mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi. Nitaandika Kiswahili cha shule, kile nilichonolewa ng'ambo ya ziwa, lakini watu wakifungua mdomo humu ndani nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Kalemie. Sitawavalisha tai.

Kiingereza changu nilikitoa Kigoma. Baba alikuwa anavusha mafuta ya mawese, na huku kwetu mambo yalipochafuka akatupeleka tukasome kule. Mimi nilikuwa nimeshaanza shule kwa Kifaransa. Kwa hiyo nilirudi nyumbani na lugha mbili za wazungu kichwani, hazisalimiani, kama wake wenza. Nilidhani ni bahati mbaya, kumbe ndiyo ilikuwa ajira yangu.

Shirika lililoniajiri lilikuwa la maji: visima, pompi, mabomba. Siku ya kwanza nilivaa koti, nikijua nitakaa mezani na wakubwa. Nikapelekwa bandarini. Boti ya Kigoma ilikuwa imeshusha masanduku ya pompi, wabebaji wamekaa juani, na hakuna linalosogea. Mtunza depo wetu, Papa Lukusa, mtu aliyesoma Kifaransa kwa mapadri na asiyependa kubishiwa, alikuwa amekataa kupokea mzigo. Kila sanduku liliandikwa kwa rangi nyekundu: CAUTION. Sasa kwa Kifaransa, ninyi mnajua, caution ni ile dhamana mwenye nyumba anayokudai kabla hajakupa ufunguo.

"Hii mizigo iko na deni," Papa Lukusa alisema. "Wanataka tulipe caution kwanza. Mimi siweki sinyatire yangu kwa karatasi hiyo, hata mukinipiga."

Nikamwambia kwa heshima, "Papa, kwa Kiingereza hili neno halidai kitu. Linasema chunga."

Akalitazama koti langu, kisha sanduku. "Chunga tu?"

"Chunga tu, Papa. Ndani kuna vitu vya kuvunjika."

"Sasa si wangeandika chunga!" akafoka, na wabebaji wakaangua kicheko wakaanza kubeba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya siku nzima, neno moja. Koti nililivua pale pale na sikulivaa tena kazini.

Pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja akinitazama. Huyo ndiye Papa Amisi, mutafsiri aliyenitangulia. Masikio yake yalikuwa yanaanza kuchoka, na ndiyo sababu waliniajiri mimi. Nilidhani atanipongeza. Akaniambia, kwa njo yetu ya hapa, ile ndiyo ya shule, "Umefanya vizuri. Lakini umesema kama weye njo mwenye masanduku. Kesho tutatengeneza hiyo."

Na kweli akanitengeneza. Vyombo vyake vya kazi vilikuwa vichache: kiti, kipande cha tangawizi cha kutafuna ili sauti isikauke, na ubao mweusi uliotupwa na shule fulani, umepasuka kona. Kiti alinifundisha kukiweka nyuma kidogo na ubavuni, ili wanaozungumza watazamane wao kwa wao na wasikutazame wewe. Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: mtu akisema mimi, na wewe useme mimi. Siyo "anasema kwamba yeye". Huko Nyunzu, mama mmoja alieleza hali yake kwa mgeni wetu, na Papa Amisi, na ndevu zake nyeupe zote, akasema kwa Kiingereza bila kutikisika: mimi nina mimba ya kwanza na ninaogopa sana. Mgeni hakucheka. Alimtazama mama yule machoni, akamjibu yeye. Hapo nikaelewa sheria inatumika kwa nini.

Ya pili ilikuwa ngumu zaidi. "Mudomo yako si yako," alisema. "Kama hawajakuita useme, weye ni ukuta." Mwanzoni nilidhani ni unyenyekevu wa wazee. Baadaye niliona ni ulinzi. Siku mutafsiri anapoingiza lake, kesho hakuna atakayeamini kwamba la jana lilikuwa la mwenyewe.

Jioni, kazi zikiisha, tulikuwa tunakaa mbele ya ule ubao. Papa Amisi alipenda kuyashika maneno kwa mkia. Aliandika yale marefu marefu yanayoishia kwa herufi nne zilezile, t, i, o, n, ambayo Mfaransa na Mwingereza wanayaandika sawasawa, usijue lipi la nani mpaka walisome kwa sauti. Kisha ananiuliza: hawa ni ndugu kweli au wamefanana sura tu? Population, ndugu: kote wanahesabu watu. Conversation, ndugu. Vaccination, ndugu kabisa, mtoto analia kwa lugha zote mbili. Tukifika kwenye collation ananitazama kwa jicho la pembeni. Mfaransa akikuambia collation anakupa mkate na soda. Mwingereza akikuambia collation anakupa rundo la makaratasi uyapange kwa utaratibu wake. Nenda na njaa yako uone.

Nilimuuliza kwa nini anahangaika na marefu tu, wakati mafupi nayo yana ujanja wao. Akasema neno fupi mtu hana haya kuliuliza. Refu anaona aibu, anatikisa kichwa, anaenda nalo nyumbani. Sikulisahau jibu hilo, na ninyi msilisahau, hasa mnapokaa na watu wenye diploma.

Huko Manono, mji wa machimbo, nililiona jambo hilo kwa macho. Tulipeleka kule wataalamu wa mawe, wa kupima maji ya chini, na midomoni mwao hakukutoka kitu ila formation: formation hii, formation ile. Wao walikuwa wanasema namna mawe yalivyojipanga chini ya ardhi. Vijana wa pale, wachimbaji na waendesha baiskeli za mizigo, walikuwa wamesimama wanasikiliza, na walisikia Kifaransa, yaani mafunzo. Asubuhi yake walikuja wengi, mashati yamefuliwa, vyeti ndani ya plastiki. "Tumekuja kwa formation," wakasema. Ikabidi niwaeleze. Mmoja mrefu akasema, "Kwa hiyo mawe njo yatapata formation, siye tubaki hivi hivi?"

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Mkuu wa wataalamu akaniuliza kijana amesema nini, nikalisema kama lilivyo, bila kulilainisha. Mwishowe wachache walichukuliwa kufundishwa kutengeneza pompi, na yule mrefu alikuwa miongoni mwao. Mpaka leo pompi ikiharibika Manono ndiye anayeitwa. Nilirudi Kalemie nimefurahi kama niliyezaa.

Sasa niwapeleke kwenye habari ya Faustin, maana najua ndiyo mnayoisubiri, na mmeisikia vibaya kwa walinzi.

Faustin alikuwa dereva wetu, mtu wa mikono mizuri, gari likimsikia kuliko linavyomsikia fundi. Zamani, kabla hajaja kwetu, alikuwa mlevi. Hakuficha. Mke wake, Mama Neema, anayeuza mikebuka, samaki wa ziwa letu, sokoni, alishawahi kuchukua watoto akarudi kwao Moba, na alipokubali kupanda boti ya kurudi Kalemie sharti lilikuwa moja tu: pombe na yeye havilali nyumba moja. Faustin akaacha. Akaacha kabisa, hata soda iliyokaa sana alikuwa anainusa kwanza. Alichokipata badala ya pombe ni Kiingereza. Alikiokota ndani ya gari, kwa wageni aliokuwa anawabeba, na akipata neno refu alikuwa analitumia siku hiyo hiyo lisije likachacha.

Mkuu wetu wakati huo alikuwa Bwana Colin, Mwingereza, mtu wa haki lakini mgumu kwenye sheria. Kifaransa alikuwa anajifunza, Kiswahili alikuwa na salamu. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: dereva akigusa pombe na gari la kazi, anaondoka, hakuna mjadala.

Mimi nilikuwa Moba kwa kazi. Siku hiyo Faustin alirudi na gari kutoka njia ya Nyunzu, akaliegesha upande, bampa ya mbele ikiegemea geti, akashuka akashindwa kusimama. Walinzi walimbeba mpaka kwake. Kesho yake asubuhi alijikokota kazini, uso umekuwa wa majivu, na Bwana Colin akamkuta uani akamuuliza kulikuwa na nini jana. Mutafsiri hayupo. Faustin akajieleza mwenyewe kwa Kiingereza. Bwana Colin akamsikiliza, akampa mkono, akamwambia aende nyumbani. Faustin akaenda amefarijika. Alimwambia mkewe, "Patron ni muntu muzuri, amenipatia mapumuziko."

Mapumziko gani! Jioni hiyo hiyo Mama Béatrice wa administration akamletea habari kwamba amesimamishwa kazi, kwa kuwa amekiri mwenyewe kwamba alikuwa amelewa.

Niliporudi kutoka Moba mji ulikuwa umeshamhukumu. Kanisani walimwondoa kwenye kwaya. Sokoni wanawake walikuwa wanamuuliza Mama Neema kwa sauti ya pole ile inayochoma kama atarudi tena kwao. Faustin alikuwa anaapa hakuonja kitu ila samaki aliyemnunua barabarani, na wala hakukiri kitu: alimwambia patron anaumwa, basi. Bwana Colin naye alikuwa anasema amesikia kwa masikio yake mawili. Mmoja lazima awe mwongo, na kila mtu alijua ni yupi, maana mlevi wa zamani haaminiki hata akiwa amelala. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui la kushika. Niliumia, maana nilimpenda yule mtu.

Ikapangwa siku ya kumsikiliza, audition kwa Kifaransa chetu cha biro. Kwa Mwingereza, audition ni kujaribiwa kama unajua kuimba, na siku ile Faustin hakuwa na sauti ya kuimba. Niliweka kiti changu nyuma kidogo na ubavuni. Mama Béatrice alikaa na Bwana Colin. Mama Neema alikuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, na kitenge chake cha sokoni kinanukia samaki.

Kabla sijafungua mdomo Faustin akanigeukia. "Papa, nakuheshimu sana, lakini leo nitasema mwenyewe. Ile siku nilisema muzuri, patron alinisikia muzuri. Niache niseme tena vile vile, aone mimi si muongo."

Ilikuwa haki yake. Nikakunja mikono yangu, nikawa ukuta.

Bwana Colin akamuuliza pole pole: asubuhi ile, uliniambia mwenyewe kwamba ulikuwa "intoxicated"?

"Yes, sir!" Faustin akasimama wima, macho yanang'aa kama mtu aliyepata shahidi. "Intoxicated. Very much, sir. All body."

Sana, mwili mzima! Bwana Colin akafungua viganja vyake viwili kumwonyesha Mama Béatrice: umesikia? Mama Béatrice naye, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu, akatikisa kichwa kwa huzuni. Na Faustin alikuwa anatabasamu. Jamani, alikuwa anatabasamu, anaona kesi imekwisha.

Nililiona lile neno kama liko ubaoni, na mkia wake.

Nilikumbuka Papa Amisi. Hawajakuita useme, weye ni ukuta. Nilikuwa sijaivunja sheria hiyo tangu nilipoajiriwa, na nyinyi nawaambia msiivunje. Lakini dereva wa watu alikuwa anajizika mwenyewe kwa furaha. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza, "Bwana Colin, sasa nasema mimi. Siyo yeye. Mimi."

Akashangaa. Nadhani alikuwa amesahau kwamba nina sauti.

Nikamweleza. Mfaransa akisema intoxication anasema sumu: umekula kitu kibaya kimekutia sumu, na hospitali zetu zote zinaliandika hivyo. Mwingereza akisema mtu yuko intoxicated anasema amelewa. Huyu mtu alikopa neno kutoka mfuko wa kushoto akalilipa kwenye wa kulia. Hakukiri ulevi. Alikuwa anakueleza samaki wa barabarani.

Bwana Colin akanigeukia. "Wewe ni rafiki yake," akasema.

"Ndiyo. Na nilikuwa rafiki yako pia ile asubuhi ya wenye nyumba."

Akawa mwekundu. Niwaambie na nyinyi. Miezi kadhaa nyuma, Bwana Colin alikataa nimtafsirie mbele ya wakuu wa mitaa, akasimama akasema kwa Kifaransa chake mwenyewe kwamba shirika linatafuta "une bonne location". Alikuwa anataka mahali pazuri pa kuchimba kisima. Wao walisikia anatafuta nyumba ya kupanga. Kulipokucha wenye nyumba wa mtaa mzima walikuwa getini na funguo mikononi, mmoja amekuja na kitanda kabisa kuonyesha kwamba chumba kina samani, na mimi ndiye niliyewaeleza mpaka wakarudi makwao. Mkia ule ule, nikamwambia. Wewe ulipata kitanda, Faustin anapoteza kazi.

Mama Béatrice ndiye aliyecheka kwanza. Bwana Colin alijizuia, ila pembe za mdomo zilimsaliti. Lakini alikuwa mtu wa sheria. Akasema neno linaweza kuwa kosa, sawa, lakini gari lilikuwa limeegemea geti na mtu hakuweza kusimama. Nani alimwona akiwa karibu? Nikasema, mke wake yuko nje.

Mama Neema akaingia, akakataa kukaa. Nikarudi kwenye kiti changu. Bwana Colin akamuuliza kama mume wake alikuwa amelewa siku ile, na akaongeza, kwa adabu, kwamba anajua mke yeyote angemtetea mume.

"Papa Mutafsiri, mwambie vile nasema, usipunguze," aliniambia. Kisha akamgeukia Bwana Colin. "Zamani nilikuwa namutetea. Nilikuwa naongopea mapatron wake, nasema iko na malaria, kumbe iko chini ya meza. Kazi hiyo niliichoka, niliiacha. Siku ile walinzi walimuleta, wakamulaza kwa mulango. Alikuwa anatapika, anaita mama yake. Unajua kitu ya kwanza nilifanya? Sikumupa maji. Nilimunusa mudomo."

Mimi nikawa nasema kwa Kiingereza, neno kwa neno: mimi nilimnusa mdomo.

"Nikanusa tena. Hakuna. Nikakaa pale chini, nikalia kwa furaha. Bwana yangu anakufa tumbo, na miye niko nafurahi kwamba ni mugonjwa tu. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Sheria ya kwanza haina huruma. Ikabidi mimi, mtu mzima, niseme: mume wangu alikuwa anaumwa, nami nilifurahi. Sauti yangu ilikatika katikati, tangawizi haikusaidia. Nikaanza upya mpaka nikamaliza, na Bwana Colin hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama yeye.

Faustin alikuwa amekaa. Alikuwa ameelewa sasa ni neno gani alilojitwisha, na pia alikuwa amesikia jambo ambalo mkewe hakuwahi kumwambia. Alijifunika uso kwa mikono yake.

Bwana Colin akazunguka meza. Hakuniita. Alisema kwa Kiswahili, kibovu lakini chake, "Mama, samahani. Faustin, samahani. Kazi kesho." Akamwomba Mama Béatrice aende mwenyewe kwa pasta kusafisha jina la Faustin kabla ya Jumapili, na Mama Béatrice, nampa haki yake, alikwenda siku hiyo hiyo.

Niliwasindikiza mpaka getini. Faustin alikuwa anafuta macho, anajaribu kunishukuru kwa Kiingereza, na Mama Neema akamwekea mkono mdomoni. Hakuwa na hasira. Alimtengeneza kola ya shati, akamtazama kama mtu anayehesabu kilichobaki baada ya mafuriko na kukuta kipo chote.

"Nyumbani kumejaa samaki, weye unakula ya barabara," alimwambia. "Sawa, hiyo nimesamehe. Lakini nisikilize, baba Neema. Ukiumwa tumbo tena, sema tumbo."